Kutafuta chanzo cha hitilafu kwa utaratibu: mwongozo kamili

Mashine ikigoma, programu ikikwama au hesabu zikikataa kulingana, wengi wetu tunatanguliza mkono kabla ya kichwa. Tunabadilisha kile kilichosumbua mara iliyopita, tunazima na kuwasha, tunaagiza kifaa kipya. Mara nyingine bahati inaangukia upande wetu. Lakini hata kubahatisha kukifaulu, hakukufundishi kitu: ubovu umeondoka, hujui umeondokaje, na siku ukirudi utaanza upya.

Mwongozo huu unasimama juu ya kanuni moja. Kipimo kina thamani pale tu majibu yake tofauti yatakapokupeleka njia tofauti. Kabla hujafungua skrubu au kugusa mpangilio wowote, jiulize: jibu likiwa ndiyo nitafanya nini, na likiwa hapana nitafanya nini? Kama utafanya jambo lile lile kwa vyovyote vile, kipimo hicho kiache. Hatua zote zinazofuata ni namna ya kuitii kanuni hiyo, na zinafaa kwa injini, kwa mtandao wa kompyuta na kwa mapato yaliyoshuka bila sababu inayoonekana.

Kabla ya kugusa chochote

Usalama kwanza. Kukiwa na moshi, harufu ya kuungua, gesi inayovuja au mtu anayeweza kuumia, kata umeme au funga vali, uchunguzi utasubiri. Kama jambo linahusu data, nakili data kabla ya yote, maana diski iliyoanza kufa inaweza kumalizikia mikononi mwako wakati unaichunguza.

Kisha hifadhi ushahidi. Kuzima na kuwasha ndiyo dawa inayopendwa kuliko zote, na kweli husaidia mara nyingi, ila hufuta kilichokuwa kwenye kumbukumbu ya muda: programu iliyokuwa inakula nafasi, muunganisho ulioganda, mchakato uliokuwa unasubiri jibu lisilokuja. Piga picha ya skrini. Nakili ujumbe wa kosa neno kwa neno pamoja na namba zake, kwa sababu "imeleta maandishi mekundu" haimsaidii mtu. Andika saa. Piga picha jinsi nyaya zilivyochomekwa kabla hujachomoa hata moja.

Eleza ulichoona, acha unachodhani

"Betri imekufa" ni hukumu. "Nikigeuza ufunguo nasikia mlio mmoja wa *tak*, taa za dashibodi zinafifia, injini haizunguki" ni maelezo. Tofauti ni kubwa, kwa sababu hukumu hufunga milango ambayo bado haijachunguzwa. Dalili hizo zinaweza kuletwa na betri iliyoisha chaji, na vilevile na kiungo cha betri kilicholika kwa kutu, waya wa bodi uliolegea, stata (mota inayozungusha injini ili iwake) iliyokwama, au hata injini yenyewe iliyoganda. Anayesema betri imekufa ananunua betri.

Tatizo likiletwa na mtu mwingine, msikilize kwa makini lakini mtenganishie alichokiona na alichokihitimisha. Muulize: uliona nini hasa? Ulikuwa unafanya nini dakika moja kabla? Ulitegemea kuona nini? Swali la mwisho ni muhimu kuliko linavyoonekana, kwani malalamiko mengine si ubovu kabisa. Kifaa kinafanya kilichoundwa kufanya, na mtumiaji alitarajia kingine. Ikiwezekana, mwombe akuonyeshe badala ya kukueleza.

Hatua hii imekamilika ukiweza kuandika sentensi moja au mbili zenye dalili tupu, bila neno "kwa sababu" ndani yake.

Liko wapi, na haliko wapi

Hapa ndipo watu wengi hupita mbio, na hapa ndipo ningependa utulie. Chora safu mbili. Ya kwanza: tatizo liko kwenye kitu gani, mahali gani, wakati gani, kwa kiasi gani. Ya pili: lingeweza kuwa wapi, lini na kwenye nini, lakini halipo. Charles Kepner na Benjamin Tregoe wa Marekani waliupa utaratibu huu umbo ambalo limetumika viwandani tangu miaka ya 1960, na sababu ya nguvu yake ni hiyo safu ya pili. Dalili zinazoonekana zinakubaliana na dhana nyingi sana. Zile ambazo zingepaswa kuwepo lakini hazipo ndizo zinazozichuja.

Tazama London ya mwaka 1854. Mwishoni mwa Agosti kipindupindu kililipuka Soho, na madaktari wengi wa wakati huo waliamini kuwa ugonjwa huo unaletwa na hewa chafu. Daktari John Snow alipanga vifo kwenye ramani, navyo vikaonekana kuizunguka pampu ya maji ya Broad Street. Ramani ndiyo iliyopata umaarufu. Kwangu mimi, uzito wa hoja yake uko kwa watu waliokwenda kinyume na mpangilio huo. Jirani na hapo palikuwa na nyumba ya kuhifadhi maskini yenye watu 535, ikiwa imezungukwa na nyumba zenye vifo, lakini waliokufa humo kwa kipindupindu walikuwa 5 tu. Ilikuwa na kisima chake. Kiwanda cha bia kilichokuwa mtaa uleule hakikupoteza mfanyakazi. Walikuwa wakinywa bia na maji yasiyotoka kwenye pampu ile. Na kule Hampstead, mbali na mlipuko, mjane mmoja alikufa kwa kipindupindu. Alikuwa akipenda maji ya Broad Street na akiletewa chupa kutoka huko.

Dhana ya hewa chafu inavunjika pande zote mbili. Hewa ya nyumba ya maskini ni ileile ya majirani waliokufa. Hewa ya Hampstead ni nyingine kabisa. Maji yanaeleza yote mawili. Mpini wa pampu uliondolewa tarehe 8 Septemba, na hapo pana jambo la kuzingatia: wakati huo ugonjwa ulikuwa umekwisha kupungua. Kwa hiyo kuondolewa kwa mpini hakuthibitishi mengi. Kulinganisha nyumba kwa nyumba ndiko kunakothibitisha.

Fanya hivyohivyo kwenye tatizo lako. Tovuti haifunguki kwenye kompyuta hii. Je, inafunguka kwenye simu iliyo kwenye mtandao uleule? Tovuti nyingine zinafunguka? Jana saa hizi ilikuwaje? Kila jibu linakata kipande cha ramani.

Uliza kilichobadilika, ila usikiamini haraka

Kitu kilichokuwa kinafanya kazi na sasa hakifanyi kimebadilika, au mazingira yake yamebadilika. Orodhesha: masasisho, matengenezo, kifaa kipya kilichounganishwa, hali ya joto, mzigo kuongezeka, cheti cha usalama kilichofikia tarehe ya mwisho. Lakini jambo kutangulia tatizo si ushahidi kwamba limelileta. Liandike kama mshukiwa, kisha lilinganishe na zile safu mbili. Mshukiwa asiyeweza kueleza kwa nini kompyuta ya pili haina shida bado hajatosha.

Chora njia

Karibu kila mfumo una kitu kinachosafiri ndani yake: umeme, maji, mafuta, data, fedha, barua ya maombi inayopita meza kwa meza. Chora kinatokea wapi, kinapita wapi, kinaishia wapi. Mchoro wa visanduku na mishale juu ya karatasi unatosha. Kwa gari: betri, viungo vyake, fyuzi, swichi ya ufunguo, relei (swichi inayoendeshwa kwa umeme), stata, kisha waya wa bodi unaorudi kwenye betri. Wengi husahau njia ya kurudi, na ni humo ubovu mwingi wa umeme unapojificha.

Ukishindwa kuchora sehemu fulani, umegundua usipopaelewa. Soma mwongozo wa kifaa au muulize anayejua. Kuuliza si ujinga, na kupima sehemu usiyoielewa kutakupa namba usizojua kuzisoma.

Gawa nusu kwa nusu

Ukiwa na mchoro, usianze mwanzo kwenda mwisho kipande kwa kipande. Anza karibu na katikati. Pima hapo: kinachosafiri kimefika kikiwa sawa? Kama ndiyo, nusu ya kwanza ni nzima na ubovu uko mbele. Kama hapana, uko nyuma. Kipimo kimoja kimeondoa nusu ya mfumo.

Hesabu yake inashangaza ukiiona kwa mara ya kwanza. Sehemu 1,024 zinahitaji vipimo 10 tu kubaki moja. Milioni moja inahitaji takribani 20. Ndiyo maana waandishi wa programu, wanapojua kuwa toleo la zamani lilikuwa zima na la leo ni bovu, hujaribu toleo la katikati na kuendelea kugawa. Git, programu ya kutunza matoleo ya kazi yao, ina amri ya *bisect* kwa ajili ya kazi hiyohiyo.

Chukua intaneti isiyofanya kazi kwenye kompyuta. Njia yake ni hii: programu ya kuvinjari, huduma ya DNS inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba, kompyuta yenyewe, kebo au Wi-Fi, ruta, mtoa huduma, seva ya mbali. Jaribu kuifikia seva ya nje kwa anwani yake ya namba kupitia amri ya *ping*. Ikijibu, basi kompyuta, Wi-Fi, ruta na mtoa huduma wote wamesalimika kwa mpigo. Mtazame DNS au programu ya kuvinjari. Isipojibu, jaribu anwani ya ruta. Ruta ikijibu, shida iko kwenye ruta au baada yake. Isipojibu, shida iko chumbani mwako. Vipimo viwili, na eneo limebaki dogo. Tahadhari moja: seva nyingine zimepangwa zisijibu *ping* hata zikiwa nzima, kwa hiyo tumia anwani unayojua hujibu siku za kawaida.

Sasa gari. Betri ya asidi ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma takribani volti 12.6, ikisoma 12.0 imebakiwa na chaji kidogo. Lakini kipimo hicho peke yake kinadanganya, kwa sababu betri iliyochakaa inaweza kusoma vizuri ikiwa haina mzigo kisha ikaporomoka inapotakiwa kuzungusha injini. Kwa hiyo pima mwenzako akiwa anageuza ufunguo. Ikishuka chini ya takribani volti 9.6 katika joto la kawaida, betri ni mshukiwa mkubwa. Ikibaki juu na injini haizunguki, betri imeachiwa; shida iko mbele. Hapo weka ncha moja ya mita ya volti kwenye nguzo ya betri na nyingine kwenye kibano kilichoishika nguzo hiyo, ufunguo ukigeuzwa. Vinagusana, kwa hiyo tofauti yapaswa kukaribia sifuri. Ukiona nusu volti au zaidi, kutu iliyo katikati yake inakula umeme. Unasafisha, hununui kitu.

Katikati si amri, hata hivyo. Sehemu ikiwa rahisi mno kuipima, ipime kwanza hata kama haigawi vizuri: kutazama kama kebo imechomekwa ni jambo la sekunde tatu. Na kama uzoefu unasema sehemu moja huharibika mara nyingi kuliko zote, sogeza kipimo chako karibu nayo.

Mgawanyo huu unafaa hata pasipo na waya. Mapato yameshuka: idadi ya wanunuzi, mara wanazonunua na wastani wa kila malipo vikizidishwa pamoja vinaleta mapato. Angalia ni kipi kati ya hivyo vitatu kimeshuka. Ni wanunuzi? Wapya au wa zamani? Wapya? Wanatoka njia ipi? Kila swali linafunga upande mmoja. Hapa kuna mtego wa kujihadhari nao: wastani unaweza kushuka bila mteja hata mmoja kubadili tabia, kwa sababu tu wanunuzi wadogo wameongezeka. Gawa makundi kabla ya kuutafsiri wastani.

Andika dhana, kisha ijaribu kwa nia ya kuivunja

Eneo likishakuwa dogo, andika dhana zako, angalau tatu. Mtu mwenye dhana moja hachunguzi, anatafuta kuungwa mkono. Mwaka 1960 mwanasaikolojia Peter Wason aliwapa watu namba 2, 4, 6 na kuwaambia zinafuata kanuni fulani. Waigundue kwa kupendekeza namba nyingine tatu tatu. Wengi walidhani ni namba zinazoongezeka kwa mbili, wakajaribu 8, 10, 12 na mfano wa hizo, wakaambiwa ziko sawa kila mara, wakatangaza kanuni isiyo sahihi. Kanuni ilikuwa namba zozote zinazopanda. Ingetosha kujaribu 1, 2, 50, yaani mfano ambao dhana yao ingeukataa.

Kwa kila dhana, andika utabiri: "Kama ni hii, basi nikifanya hivi nitaona vile." Utabiri uandikwe kabla ya kupima. Baada ya matokeo, akili ina kipaji kikubwa cha kujiaminisha kuwa ndicho ilichotarajia.

Badilisha kitu kimoja

Ukibadilisha vitatu kwa pamoja na tatizo likaisha, hujui ni kipi kilicholimaliza; na ikiwa kimoja kimelitibu huku kingine kimeleta ubovu mpya, umejitengenezea kazi mbili. Badilisha kimoja, pima, andika. Kisichosaidia kirudishe kilivyokuwa kabla ya kwenda kwenye kinachofuata. Dharura inaweza kukulazimisha kuvunja kanuni hii ili huduma irudi, na hilo si kosa, mradi ujue kwamba umerudisha huduma na bado hujapata chanzo.

Kipimo kinachopinga wenzake

Ushahidi usiolingana na mengine ndio unaokera kuliko wote, na ndio unaostahili muda wako zaidi. Darubini ya anga ya Hubble ilirushwa Aprili 1990 ikiwa na kioo cha mita 2.4 ambacho kingo zake zilikuwa zimesuguliwa kupita kiasi kwa takribani maikromita 2.2. Picha zikatoka na ukungu. Uchunguzi ulibaini kuwa chombo kikuu cha kuongoza usuguaji kilifungwa lenzi yake ikiwa imekosea nafasi kwa milimita 1.3. Vyombo vingine viwili vilikuwa vimeionyesha kasoro hiyo kiwandani, lakini vikapuuzwa kwa kuwa vilihesabiwa kuwa na usahihi mdogo kuliko kile kikuu. Wanaanga walikwenda kurekebisha Desemba 1993.

Kinyume chake ni matokeo ya Septemba 2011, pale watafiti wa jaribio la OPERA nchini Italia walipoona chembe za nyutrino zilizotumwa kutoka CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilichoko Uswisi, umbali wa kilomita 730 hivi, zikifika takribani nanosekunde 60 mapema kuliko mwanga ungefika. Hawakudai kuwa fizikia imepinduka. Waliwaomba wengine wawasaidie kutafuta kosa. Miezi michache baadaye wakagundua kebo ya nyuzi za mwanga ya mfumo wao wa saa haikuwa imekazwa sawasawa.

Kwa hiyo kabla ya kuuamini usomaji wa ajabu, pima kitu unachokijua kwa chombo hichohicho. Mita inayosoma sifuri kila mahali huenda ina fyuzi iliyoungua. Na usomaji mmoja ukipingana na mingine, tafuta chombo cha tatu cha aina tofauti kabla hujautupa.

Hitilafu inayokuja na kuondoka

Hii ndiyo ngumu kuliko zote, na dawa yake ni kuacha kuisubiri na kuanza kuichokoza. Weka daftari la kila inapotokea: saa, joto, mzigo, mtikisiko, nani alikuwa anatumia, nini kingine kilikuwa kinaendelea. Mpangilio ukijitokeza, ujaribu: pasha sehemu moja joto kwa uangalifu, tikisa waya mmoja mmoja, ongeza mzigo. Lengo ni kuifanya itokee unapotaka, kwa sababu bila hivyo hakuna kipimo unachoweza kukiamini.

Uwe mwangalifu hasa unaposema imepona. Kama hitilafu hutokea mara moja katika kila majaribio 10, majaribio 10 safi mfululizo yanaweza kutokea kwa bahati tu kwa uwezekano wa asilimia 35, hata kama hujatengeneza chochote. Majaribio 30 safi hushusha uwezekano huo hadi takribani asilimia 4. Amua idadi ya majaribio mapema, kabla uchovu haujakuamulia.

Rudi nyuma ya chanzo cha kwanza

Fyuzi iliyoungua imepatikana. Kwa nini imeungua? Taiichi Ohno wa Toyota aliwazoeza wafanyakazi kuuliza "kwa nini" mara tano, na mfano wake ulitoka kwenye fyuzi iliyoungua hadi kwenye pampu ya kilainishi ambayo haikuwa na chujio, kwa hiyo vumbi la chuma likaingia na kuila. Anayebadilisha fyuzi peke yake ataibadilisha tena.

Tano si namba takatifu. Simama unapofika kwenye jambo unaloweza kulibadilisha na ambalo likibadilishwa ubovu hautarudi. Kila jibu lihitaji ushahidi wake kama dhana nyingine yoyote, na swali moja likiwa na majibu mawili ya kweli, fuata yote mawili. Jibu likiwa "fulani alizembea", endelea kuuliza: kitu gani kilifanya uzembe huo uwezekane, na kwa nini hakuna kilichouona mapema?

Thibitisha, kisha andika

Rudisha mazingira yaleyale ya mwanzo: mzigo uleule, saa ileile, mtumiaji yuleyule. Kisha, panapokuwa salama, ondoa tiba yako na utazame kama ubovu unarudi. Irudishe na utazame kama unaondoka. Watu hukwepa hatua hii kwa kuogopa kuharibu kilichopona, lakini ndiyo pekee inayokutenganisha na tatizo lililojiondokea lenyewe ukiwa umesimama karibu.

Andika mistari michache: dalili, vipimo ulivyofanya na majibu yake, chanzo, ulichobadilisha, tarehe. Andika pia dhana zilizoshindwa, maana atakayefuata ataanza nazo. Na ukifika mahali ambapo vipimo vinavyobaki vinahitaji chombo usichonacho au ujuzi usiokuwa nao, mkabidhi mwingine karatasi hiyo ikiwa na mchoro wako wa njia, ukiwa umetia alama sehemu zilizothibitika kuwa nzima na kipimo kilichozithibitisha kila moja. Ataendelea palipobaki, na atajua ni vipimo vipi vya kurudia ikiwa mojawapo ya alama zako haimridhishi.